Matundu Manane Chini ya Bawa

Kwa wazee wa Likasi, kitu kinachoning'inia chini ya bawa la ndege kina historia chungu. Septemba 1961, mji ukiwa bado unaitwa Jadotville, Fouga Magister ya Katanga iliyokuwa imejitenga na Kongo, ndege ndogo ya injini mbili, iliwashambulia kwa mabomu na risasi askari wa Ireland wa Umoja wa Mataifa waliokuwa wamezingirwa hapo. Fundi ninayemwandika ni mzaliwa wa Likasi, mtoto wa mfanyakazi wa Shituru kunakosafishwa shaba. Yeye anatundika kipimasumaku. Shaba haivutwi na sumaku, lakini ramani ya sumaku huonyesha mipasuko na mikunjo ya miamba chini ya udongo mwekundu, na kwa nchi inayoishi kwa madini hilo si jambo dogo.

Ndege ni Islander, iliyobuniwa Uingereza, injini mbili za pistoni, mabawa juu ya kichwa cha abiria. Nilimkuta kwenye banda la ndege mjini Lubumbashi, amelala chali chini ya bawa na taa mkononi, akigonga bati kwa kidole na kusikiliza. Alikuwa anatafuta mbavu za bawa. Alipoipata moja aliweka alama kwa kalamu laini. Kalamu ya risasi hataki hata kuiona karibu na alumini, kwa sababu mchoro wake huanzisha kutu. Kisha akapima umbali hadi kwenye tangi la mafuta lililomo ndani ya bawa, akapima tena, akaandika.

Kijana wake alikuwa na kekee tayari mkononi.

"Papa, tutoboe?"

"Bado, mwanangu. Karatasi haijarudi."

Karatasi hiyo ndiyo nusu ya ufundi wenyewe, na mimi nilichelewa kulielewa hilo. Kiambatisho cha 8 cha Mkataba wa Chicago wa 1944 kinaitaka nchi iliyosajili ndege ijiridhishe kwamba badiliko lolote halikuondoa usalama wake. Kwa ndege yenye alama ya usajili ya Kongo, 9S, jalada linapelekwa kwa Mamlaka ya Usafiri wa Anga, AAC. Ndani yake kuna michoro, orodha ya malighafi, hesabu za mzigo na maelezo ya namna kila hesabu itakavyothibitishwa.

Alinifungulia ukurasa wa hesabu akaupitisha kidole polepole. Ganda la kifaa na vitu vyake: kilo 20. Ndege ya daraja la kawaida ikivutwa juu kwa nguvu, au ikipigwa na upepo, kila kilo inaweza kuwa kama 3.8. Basi 20 zinakuwa 76. Hapo bawa lisibaki limepinda. Kisha unazidisha kwa moja na nusu, unapata 114, na mzigo huo ushikiliwe sekunde tatu bila kuvunjika. Walikuwa wamejaribu kwenye kipande cha mfano, si kwenye ndege itakayoruka: mifuko ya mchanga ikapimwa mmoja mmoja kwenye mizani, ikatundikwa kwa utaratibu, mtu akihesabu kwa sauti. Sekunde tatu ni ndefu sana chuma kinapolia.

Hofu yake kubwa, hata hivyo, haikuwa uzito. Ukitundika kitu karibu na ncha ya bawa, unabadilisha namna bawa linavyotetemeka, na kwenye mwendo fulani mtetemo unaweza kuanza kulishwa na upepo wenyewe hadi bawa ling'oke. Hesabu ya jambo hilo ilirudishwa ikiwa na maswali. Hakulalamika. Alipanda ngazi, akapima upya, akatuma majibu, akarudi kwenye kazi za ndege nyingine.

Kibali cha kuanza kilipofika, alitandaza bolti za titani juu ya kitambaa, nne kwa kila bawa, akashusha juu ya kila moja sumaku ndogo iliyofungwa kwenye uzi. Chuma cha kawaida kingekidanganya kipimasumaku. Uzi haukuyumba hata mara moja, lakini alizipitia zote nane.

Ndipo akatoboa. Tundu la kwanza jembamba, makusudi. Akapanua kidogo, akaingiza kifaa cha kusawazisha tundu, akakizungusha kwa mkono upande mmoja tu bila kukirudisha nyuma, vumbi la alumini likidondoka kama unga wa muhogo. Kipenyo: milimita 6.35. Kutoka katikati ya tundu hadi ukingo wa bati, si chini ya mara mbili ya hapo. Akaondoa makali kwenye mdomo wa tundu, akapitisha ukucha. Akasimama. Akaondoa tena, kidogo mno hata sikuona tofauti. Ukucha ulipopita bila kukwama, alihamia tundu la pili.

Ribiti za bati la kuimarisha zilikuwa za milimita 3.2, kichwa kilichogongwa kinatakiwa kifikie upana wa 4.8 na unene wa 1.6. Kimoja kililala upande. Mimi ningekiacha. Yeye alikitoboa katikati, akakitoa bila kulipanua tundu, akaweka kipya.

Baadaye kulikuwa na kupima uzito wa ndege upya, ukurasa wa nyongeza kwenye kitabu cha rubani, ratiba ya ukaguzi na sahihi nyingi. Lakini macho yangu yalibaki kwenye bolti. Baada ya kuzikaza kwa spana yenye kipimo, alichovya brashi kwenye rangi ya chungwa, akavuta mstari mmoja mwembamba kutoka kichwa cha bolti hadi kwenye bati.

Ndege iliporudi kutoka safari ya kwanza ya majaribio, rubani alishuka akitabasamu na kuanza kusimulia. Fundi alimpa mkono, akalala chali chini ya bawa, akawasha taa. Mistari minane, yote mizima. Akaomba daftari.