Bodaboda wa Maduka ya Mtandaoni

Mama anayeuza madera Instagram hana fremu Kariakoo. Ana simu na bodaboda wake. Asubuhi kijana anakusanya mizigo, anaifunga kwa mpira nyuma ya pikipiki, namba ya kila mteja imeandikwa juu ya mfuko. Wa Tegeta hapokei simu. Wa Mbagala anafungua, anajaribu, anasema rangi siyo ile ya kwenye picha. Muamala usipoingia, mzigo unarudi na mafuta yameshaungua. Mzigo wa Mwanza unapelekwa stendi ya Mbezi, risiti ya basi inapigwa picha na kutumwa. Muuzaji na mnunuzi hawajuani. Wanaaminiana kwa sababu yupo mtu wa tatu, anayelipwa nauli tu, tena baada ya kupatana.