Askari wa Nyanda za Juu za Kusini Katika Maandishi ya Kiswahili

Maandishi ya Kiswahili yahusuyo vita vya mwisho wa karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20 si machache, na baadhi yake yana thamani kubwa. Humo msomaji humkuta askari karibu kila mahali: anashuka chomboni, anapiga bunduki, anachoma kijiji, anakufa au anarudi bomani. Lakini jambo moja halimo. Vita vikiisha, askari naye hutoweka. Hana nyumba, hana mke wala watoto, hana jirani aliyepigana upande wa pili, wala hana uzee. Upungufu huu huonekana wazi zaidi maandishi hayo yanapopimwa kwa historia ya Iringa na Mbeya, ambako askari hakuwa mpita njia tu. Mara nyingi alikuwa mwana wa nchi, na watu aliopigana nao walikuwa wa nchi hiyo hiyo.

Yafaa kuanza na tenzi. Hemedi bin Abdallah el-Buhriy, katika Utenzi wa Vita vya Wadachi Kutamalaki Mrima, ambao J. W. T. Allen aliuhariri na ukachapishwa mwaka wa 1955, alimwona askari kwa macho ya mwenyeji wa pwani ambaye nchi yake imevamiwa. Askari wale walikuwa watu waliokodiwa mbali: Wasudani walioandikwa Misri, na wengine kutoka Msumbiji walioitwa Wazulu. Mtunzi hakuwauliza habari za makwao, wala hapana haki ya kumlaumu kwa hilo. Mvamizi huelezwa kama mvamizi.

Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi alitunga Utenzi wa Vita vya Maji-Maji, uliotolewa pamoja na tafsiri ya W. H. Whiteley mwaka wa 1957. Yeye naye alivitazama vita kutoka upande wa pwani ya kusini. Lakini baina ya vita vya Hemedi na vita vya Abdul Karim mambo yalikuwa yamebadilika, hasa bara. Kwa hiyo sura ya askari iliyotosha mwaka wa 1888 haikutosha tena mwaka wa 1905.

Mabadiliko hayo ni haya. Tarehe 17 Agosti 1891, huko Lugalo, Wahehe wa Mkwawa walilivunja jeshi la Zelewski, na Zelewski mwenyewe akauawa pamoja na askari zaidi ya 200. Askari wale walikuwa wageni, kama wale wa utenzi wa Hemedi. Kalenga ikaanguka mwaka wa 1894, na Mkwawa akafa mwaka wa 1898. Vilipozuka vita vya Maji Maji, Nyanda za Juu za Kusini hazikuwa upande mmoja. Wabena wa Njombe waliishambulia misheni ya Yakobi mwezi wa Septemba 1905. Wabena wa bonde la Ulanga, chini ya Kiwanga, walikuwa upande wa serikali, na Kiwanga mwenyewe aliuawa katika vita hivyo. Merere wa Usangu alisimama na Wajerumani, na Wahehe wengi walikwenda vitani pamoja na jeshi la boma la Iringa lililoongozwa na Kapteni Nigmann. Kwa watu wa nchi ile, basi, vita vile vilikuwa na sura mbili. Vilikuwa vita vya kumpinga mtawala mgeni, na papo hapo vilikuwa vita vya wenyewe kwa wenyewe.

Hata hayo hayakuwa mapya kabisa. Munyigumba alipokufa, Uhehe uliingia katika vita vya urithi, na Mkwawa hakutawala mpaka alipomshinda Mwambambe. Kisha vikaja Vita Vikuu vya Kwanza. Majeshi ya Jenerali Northey yalitoka Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini, yakapita Tukuyu na Malangali, yakaingia Iringa mwisho wa Agosti 1916. Waliopigana walikuwa Waafrika pande zote mbili. Mwaka uliofuata Waingereza walikiunda upya kikosi cha sita cha Keya, na humo waliandikwa watu waliotekwa kutoka jeshi la Wajerumani. Mtu aliyekuwa shaushi wa Mdachi aliweza kuwa sajini wa Mwingereza kabla vita havijaisha.

Msomaji na afanye hesabu ndogo. Mtoto aliyezaliwa Uhehe au Ubena mwaka wa Lugalo alikuwa na miaka 14 wakati wa Maji Maji, miaka 25 Waingereza walipoingia Iringa, miaka 63 fuvu la Mkwawa liliporudishwa Kalenga mwaka wa 1954, na miaka 70 bendera ya Uhuru ilipopandishwa. Umri wa mtu mmoja wakusanya yote. Vita vya utoto wake na vya ujana wake vimeandikwa. Miaka 40 na zaidi iliyofuata, ambayo ni sehemu kubwa kuliko zote, haikuandikwa.

Yaweza kujibiwa kwamba utenzi wa vita haudaiwi habari za amani. Jibu hili lina nguvu kidogo, lakini halitoshi. Ushairi wa Kiswahili haukukosa kamwe uwezo wa kutazama yanayobaki baada ya ukuu kupita. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir aliyatazama magofu ya Pate katika Al-Inkishafi, na katika kumbi zilizo tupu akaona jambo lenye uzito kuliko karamu zilizofanywa humo. Lugha iliyoweza kuuliza waliokaa kumbi zile wako wapi yaweza pia kuuliza habari za shaushi aliyerudi Njombe. Kilichokosekana ni mtunzi wa kumtazama, maana njia ya kumtazama ilikuwapo.

Baada ya Uhuru uandishi ulipata shabaha mpya. Kitabu cha Michael Musso, Mukwava na Kabila Lake, cha mwaka wa 1968, kama jina lake lionyeshavyo, chamweka mbele mtawala pamoja na watu wake. Mwaka uliofuata ilitoka Kinjeketile, tamthilia ya Ebrahim Hussein, ambayo pengine ndiyo kazi bora kuliko zote zilizoandikwa kwa Kiswahili juu ya Maji Maji. Hussein aliona vema kwamba kiini cha mambo ni umoja: jinsi watu waliokuwa wakichukiana walivyoweza kusimama pamoja kwa ajili ya maji, na neno lililowaunganisha lilivyomponyoka hata aliyelisema. Swali hilo laonekana katika tamthilia yote, na ndilo linaloipa uhai.

Hata hivyo swali hilo lina upande wake wa pili, nao haukuguswa. Ikiwa umoja ndio uliohitaji kuelezwa, basi kutokuwapo kwa umoja nako kwahitaji maelezo. Katika Kinjeketile Mwafrika anayeitumikia serikali hapewi nafasi ya kuifunua nafsi yake. Yuko pale ili atende ukatili au atii amri. Kwa mchezo unaotokea Ungarambe na pande za Rufiji hilo laweza kuvumiliwa. Lakini ukipelekwa Iringa, mchezo huo huo utawakuta watazamaji ambao babu zao walisimama upande ule. Hao watapewa maneno mawili tu ya kuchagua, shujaa na msaliti, na hapana hata moja linalomweleza mtu ambaye baba yake alipigana Lugalo, naye mwenyewe akaenda na Nigmann, na mwanawe akaingia Keya.

Lugha yenyewe yatoa ushahidi. Kwa utumishi wa askari Kiswahili kina hazina kubwa: ombasha, shaushi na efendi, maneno yenye asili ya Kituruki yaliyopitia jeshi la Misri, kisha koplo na sajini kutoka Kiingereza, kombania, gwaride, keya. Wapagazi wa vita waliacha jina la Kariakoo, ambalo ni Carrier Corps katika ulimi wa Waswahili, na leo atajaye Kariakoo huwaza soko. Lugalo, mahali ambapo askari wa serikali waliangamizwa, ni jina la kambi kubwa ya jeshi katika Dar es Salaam. Kwa maisha ya baadaye maneno ni machache, na karibu yote ni ya ofisini: mstaafu, pensheni, kiinua mgongo. Hili la mwisho ni zuri ajabu, kwa kuwa lakiri kwamba utumishi umeuinamisha mgongo. Lakini laishia kwenye malipo.

Na malipo ndiyo karibu mlango pekee ambao kwa huo askari yule ameingia katika habari za baadaye. Mwezi wa Oktoba 1918 jeshi la Wajerumani lililobaki lilipita Njombe na Mbozi likielekea Rhodesia ya Kaskazini, na tarehe 25 Novemba 1918 likaweka silaha chini huko Abercorn, yaani Mbala ya leo. Askari 1,168 walikuwamo. Mwaka wa 1964, yaani miaka 46 baadaye, serikali ya Ujerumani ya Magharibi ilikubali kuwalipa waliokuwa hai. Yasimuliwa kwamba wazee wengi waliofika Mwanza kudai haki yao hawakuwa na cheti, basi kila mmoja akapewa ufagio badala ya bunduki na kuamriwa kwa Kijerumani afanye gwaride, na hapana aliyeshindwa. Kisa hiki hupendwa sana, na hurudiwa kwa kicheko. Mhakiki hana budi kukisoma kwa makini zaidi. Mzee aombwa athibitishe kuwa aliishi, na uthibitisho unaokubaliwa ni utii wa ujana wake. Ya miaka 46 hayaulizwi.

Mtu mmoja ambaye maisha yake ya baadaye yajulikana aliishi mbali sana na Nyanda za Juu. Bayume Mohamed Husen, aliyezaliwa Dar es Salaam mwaka wa 1904, aliingia vitani angali mtoto. Mwaka wa 1929 alifika Berlin, akadai mshahara wake na wa baba yake, asipewe. Akawa mtumishi wa hotelini, mwigizaji wa filamu, na msaidizi katika kufundisha Kiswahili chuoni. Alikamatwa mwaka wa 1941, akafa katika kambi ya Sachsenhausen tarehe 24 Novemba 1944. Wataalamu wa lugha hawana haja ya kuambiwa uzito wa jambo hili: mmoja wa walimu wa Kiswahili Ulaya alikuwa askari mtoto, nao walioandika habari zake kwanza waliandika kwa Kijerumani.

Ndivyo ilivyo katika riwaya pia. Abdulrazak Gurnah, katika Paradise ya mwaka wa 1994, iliyofasiriwa na Ida Hadjivayanis kwa jina la Peponi mwaka wa 2022, amwacha kijana Yusuf akikimbilia msafara wa jeshi la Wajerumani. Katika Afterlives, ya mwaka wa 2020, aliendelea mbele. Hamza arudi kutoka vitani na jeraha, apata kazi ya useremala, aoa, alea mtoto. Nusu iliyokosekana katika tenzi na tamthilia imeandikwa hapo, tena kwa utulivu mkubwa. Lakini imeandikwa kwa Kiingereza, na Hamza arudi mji wa pwani. Aliyerudi Njombe, Malangali au Mbozi bado hana kitabu.

Lawama haiwaangukii waandishi peke yao. Mwaka wa 1968 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikusanya habari za Maji Maji kwa wazee, na kazi yao yastahili heshima ya daima. Walikwenda kutafuta habari za vita, na wazee wakawapa habari za vita. Sasa waliosema hawako, lakini watoto na wajukuu wapo Iringa na Mbeya, na wengi wao walilelewa katika nyumba za watu wale. Atakayekwenda kwao na awaulize, kabla ya kuuliza babu alipigana upande gani, alirudi lini, alipokewa na nani, alilima wapi, na nani alikataa kula naye.