Utabiri na Tamaa ya Ukuu katika Tanzia ya Macbeth: Je, Shujaa Amelogwa?

Tamthilia ya Macbeth, ambayo Shakespeare aliiandika yapata mwaka 1606, imesomwa kwa Kiswahili tangu S. S. Mushi alipotoa tafsiri yake, Makbeth, mwaka 1968. Kila aisomaye hukabiliwa na swali moja: ni nani aliyemwangamiza shujaa huyu? Jibu jepesi, hasa katika mazingira yetu, ni kwamba amelogwa: wachawi watatu walimngojea njiani, wakamtabiria ufalme, naye akaua. Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwamba jibu hilo halitoshi, na kwamba tukilikubali tanzia yenyewe inavunjika.

Tuanze na neno lenyewe. Kwetu mchawi, au mlozi, ni mtu anayedhuru: hutuma maradhi, hufisha watoto. Mwaguzi, kwa upande wake, husema tu yaliyofichika. Wanawake hawa wa Uskoti wana sifa za pande zote mbili, kwani hujisifu kwa kumtesa baharia kwa dhoruba. Lakini mbele ya Macbeth hawafanyi zaidi ya kusema. Hawamwagizi kuua, hawamwonyeshi kisu, wala jina la Mfalme Duncan halitoki vinywani mwao. Tena, cheo cha ubwana wa Cawdor wanachomtabiria amekwisha kupewa na Duncan katika onyesho lililotangulia. Mtazamaji anajua hivyo, Macbeth hajui. Anachokiona kuwa muujiza ni habari ambayo bado haijamfikia.

Ushahidi mkubwa zaidi ni Banquo. Yeye yupo mahali pale pale, saa ile ile, naye anaahidiwa kwamba uzao wake utatawala. Hata hivyo haui mtu. Anatahadhari kwamba nguvu za giza huweza kutuambia ukweli mdogo ili zitupoteze katika jambo kubwa. Katika tarikh ya Holinshed, ambamo Shakespeare alichota kisa chake, Banquo ni mshiriki wa mauaji. Shakespeare amemtakasa, labda kwa sababu Mfalme James wa Kwanza, aliyekalia kiti cha Uingereza mwaka 1603, alihesabiwa kuwa wa ukoo wake. Vyovyote iwavyo, mabadiliko hayo yametupatia mizani: masikio mawili yamesikia utabiri, mkono mmoja tu ndio ulioua.

Sasa tutazame tamaa. Katika onyesho la saba la sehemu ya kwanza, Macbeth anajihesabia sababu za kutoua: Duncan ni ndugu yake, ni mfalme wake, ni mgeni wake. Anakiri kwamba hana kinachomsukuma ila tamaa ya ukuu, na anaamua kuacha. Mkewe anamrudisha kwenye shauri la kuua kwa kumsuta kwamba si mwanamume na kwamba amevunja ahadi. Katika mazungumzo hayo yote hakuna hata mmoja anayewataja wachawi. Uamuzi unakatwa nyumbani, kati ya mume na mke.

Baada ya kutawazwa, tamaa inageuka hofu. Macbeth, aliyeuamini utabiri uliomhusu, sasa anataka kuutangua ule uliomhusu Banquo: anatuma watu wamuue pamoja na mwanawe Fleance, na kijana anaponyoka. Kisha katika sehemu ya nne anawaendea wachawi kwa miguu yake mwenyewe. Hapo anaonywa ajihadhari na Macduff. Anaambiwa pia kwamba hapana aliyezaliwa na mwanamke atakayemdhuru, na kwamba hatashindwa mpaka msitu wa Birnam usogee hadi Dunsinane. Wahenga walisema, fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huligangua. Askari huyu mwerevu analipokea fumbo kana kwamba ni hati ya amani. Anamwaga damu ya mke na watoto wa Macduff, jambo ambalo hakuna mchawi aliyemdokezea, na hivyo anajitengenezea mlipiza kisasi. Matawi yaliyokatwa Birnam yanasogea mikononi mwa askari. Macduff naye alitolewa tumboni mwa mamaye kwa kupasuliwa.

Mtu ataweza kuuliza: ikiwa tamaa inatosha, wachawi ni wa nini? Tunajibu kwamba wanaitamka kwa sauti haja ambayo bado haijasemwa. Macbeth anashtuka anapoahidiwa ufalme, na Banquo anauona mshtuko huo. Hapa ndipo anapotofautiana na Edipode, ambaye Mushi pia alimleta katika Kiswahili: Edipode anaukimbia utabiri akakutana nao njiani, Macbeth anaukimbilia.

Kwa hiyo usomaji wa “amelogwa” una madhara yanayovuka fasihi. Unamvua mtawala hatia yake na kuwatwika vikongwe watatu. Sisi tunaoishi mahali ambapo kifo kikitokea huulizwa kwanza ni nani aliyeroga, tunajua ni nani huonewa kwa swali hilo. Shakespeare aliandika katika zama ambazo sheria iliwanyonga walioshtakiwa kwa uchawi. Hata hivyo, mwishoni mwa tamthilia yake kichwa kinacholetwa jukwaani ni cha mfalme.