Wanaoliogopa Fumbo

Tangu Septemba 2001 vitabu vya kueleza chanzo cha ukali katika dini vimetoka kwa wingi, na vingi vilichakaa mapema kuliko karatasi zake. Vinataja majina ya makundi, silaha na mapango. Msomaji humaliza akizijua njia za fedha, asiujue moyo wa mtu. Kwa wapenzi wa ushairi napendekeza vitabu vitatu vya namna nyingine, ambavyo mimi nimevisoma kwa Kiingereza. Havifanani hata kidogo, lakini kila kimoja kwa njia yake kinaonyesha kwamba ukali huo, kabla haujashika bunduki, ni namna ya kusoma: neno hupewa maana moja tu, na aonaye maana ya pili huitwa adui. Jambo hili latuhusu sisi watu wa fumbo kuliko tunavyodhani.

Cha kwanza ni riwaya fupi ya Tahar Djaout, Le Dernier Été de la raison. Djaout, Mualjeria wa Kabylia aliyezaliwa 1954, alikuwa mshairi kabla ya kuwa mtunzi wa riwaya. Januari 1993 alianzisha pamoja na wenzake gazeti la kila wiki, Ruptures. Tarehe 26 Mei mwaka huohuo alipigwa risasi nje ya nyumba yake mjini Algiers, akafariki tarehe 2 Juni, umri wake miaka 39. Muswada ulikutwa katika karatasi zake ukachapwa Ufaransa 1999. Tafsiri ya Kiingereza ya Marjolijn de Jager ikafuata 2001, ikiwa na dibaji ya Wole Soyinka.

Mhusika mkuu, Boualem Yekker, ni muuza vitabu katika nchi iliyotwaliwa na kundi ambalo kwa Kiswahili ningeliita Ndugu Waangalizi. Hamna mapigano makubwa humo. Wateja wanapungua. Watoto wa mtaani wanamrushia mawe. Mkewe na wanawe wanamwacha wafuate utaratibu mpya, na duka lenyewe mwishowe linafungwa. Djaout anajua kwamba hofu haibishi hodi mlango wa mbele. Huingia kwa salamu isiyojibiwa. Kurasa zinazohusu vitabu vilivyosimama rafuni bila msomaji ni za mshairi, na sijui mwandishi wa siasa ambaye angeweza kuziandika.

Jina la kitabu lenyewe ni mtihani kwa mfasiri. Raison ni akili, au busara, au urazini kama wasemavyo wasomi wetu? Mimi ningechagua akili, neno ambalo hata mtoto hukemewa nalo. Na été? Kiangazi ni sahihi, lakini masikio ya kisiwani yangetaka kaskazi, ambayo ndiyo joto letu. Tatizo ni kwamba kaskazi yetu ndiyo iliyokuwa ikileta majahazi, watu na vitabu kutoka Uarabuni, ilhali msimu wa Djaout ni wa watu kuacha kuja. Ningebaki na kiangazi, kwa shingo upande.

Riwaya ina upungufu, na si wa muswada ambao haukukamilishwa tu. Ndugu hawana sura. Djaout hasemi kwamba uchaguzi wa Aljeria ulifutwa Januari 1992, baada ya chama cha FIS kuongoza duru ya kwanza ya Desemba 1991. Nchi ya riwaya haina hata jina. Anayetaka kujua kwa nini kijana wa jirani anavutwa na kundi kama hilo hatajibiwa hapa.

Sehemu ya jibu iko kwa Amin Maalouf, Mlebanoni aliyehamia Ufaransa 1976, katika Les Identités meurtrières ya 1998. Mtu, asema, ana nasaba nyingi za nafsi: lugha, dini, mji, kazi, lakini ile inayotukanwa ndiyo atakayoishika mpaka aone kuwa ndiyo yeye mzima. Asema pia kwamba twatia chumvi tunaposimulia jinsi dini inavyowafinyanga watu, tukasahau jinsi watu wanavyoifinyanga dini. Ni kitabu chepesi, labda chepesi mno katika sura za mwisho, lakini kimpe kijana wa miaka 17 nacho kitamfaa.

Cha tatu ni kizito kwa kila maana: What Is Islam? cha Shahab Ahmed, kilichotoka 2016, mwandishi akiwa amekwisha kufariki 2015. Kina kurasa zaidi ya 500. Ahmed anauliza: ikiwa Diwani ya Hafiz, yenye mvinyo na mapenzi, ilisomwa na kunakiliwa kwa karne nyingi na Waislamu wenye kusali, je, tunasemaje kwamba diwani hiyo iko nje ya Uislamu? Wapo watakaokifunga kitabu wakifika kwenye mvinyo, wakidhani anauhalalisha. Asemalo ni kwamba Waislamu hao waliishi na hukumu na sitiari kwa pamoja, wakaona maana katika mgongano wenyewe. Ufafanuzi uliojaa fikihi peke yake hauwezi kuwaeleza.

Ila ramani yake yaanzia Balkan ikaishia Bengal, na pwani yetu haimo. Kwa kitabu kinachotetea upana, hili ni kosa la kushangaza. Hamziya ya al-Busiri ilitiwa katika Kiswahili na Sayyid Aidarus wa Pate kabla ya karne ya 19, na katika miswada yake mistari ya Kiarabu na ya Kiswahili hupokezana ukurasa mmoja. Mistari hiyo haitoshani: mahali fulani Kiswahili kinaongeza, pengine kinapunguza, na Kiswahili chenyewe ni cha kale hata leo chahitaji sherehe yake. Atakayeiendeleza kazi ya Ahmed upande huu wa bahari angeweza kuanzia katika nafasi iliyo kati ya mistari hiyo miwili.