Futa Kanda Zisizotumika: Uhakiki wa Rasimu ya Istilahi za Mtandao wa Hifadhi

Idara moja ya serikali imetuletea rasimu ya istilahi pamoja na mwongozo wa kazi uliofasiriwa kwa Kiswahili, vyote viwili vikihusu usimamizi wa mitandao ya hifadhi na utafutaji wa hitilafu zake. Nia ya waandaaji ni njema na yastahili pongezi, kwani ni wachache waliothubutu kuiingia fani hii kwa Kiswahili. Lakini wema wa nia hauwezi kuwa badala ya usahihi wa neno. Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwamba rasimu hii ina kosa linaloonekana katika rasimu nyingi: neno moja limetwishwa dhana mbili au zaidi. Katika fani nyingine kosa hilo huleta mkanganyo wa darasani tu. Katika fani hii laweza kupoteza kumbukumbu zisizorudi.

Yafaa kwanza tukieleze kitu chenyewe. Katika ofisi ndogo, diski hukaa ndani ya kompyuta inayozitumia. Katika ofisi kubwa yenye seva nyingi, diski hukusanywa katika makabati maalumu, na seva zikaunganishwa na makabati hayo kwa swichi na kebo za pekee. Uwezo wa diski hizo hugawanywa mafungu, na kila seva hupewa fungu lake. Nayo huliona fungu hilo kana kwamba ni diski iliyo tumboni mwake. Hapa ndipo ilipo tofauti na mtandao wa kugawana mafaili. Katika mtandao wa mafaili, seva huomba faili kwa jina, na mwenye kulitunza faili ndiye anayepanga nani aandike na wakati gani. Katika mtandao wa hifadhi, seva huandika yenyewe juu ya vipande vya diski. Seva mbili zikipewa fungu moja bila ya programu ya kuzipangia zamu, kila moja itaandika juu ya maandishi ya mwenziwe, na fungu zima laweza kuharibika. Kwa hiyo anayetoa amri katika mtandao huu hana budi kuwa na hakika ya kila neno analolisoma.

Sasa tuitazame sentensi moja ya mwongozo: ‘Futa kanda zisizotumika kabla ya kuunganisha swichi mpya.’ Tuliwasomea mafundi wawili sentensi hiyo. Wa kwanza alielewa kuwa zinatajwa kanda za sumaku, zile ambazo hutunziwa kumbukumbu za akiba. Wa pili alielewa kuwa yanatajwa makundi yaliyoandikwa katika swichi ili kuamua seva ipi ionane na kabati lipi. Wote wawili walikuwa sahihi kwa Kiswahili chao. ‘Kanda’ ni neno lililozoeleka kwa utepe wa sauti na wa kumbukumbu. Na ‘kanda’ hilohilo ni wingi wa ‘ukanda’, yaani sehemu ya nchi. Rasimu imezichukua maana zote mbili bila ya kutambua kwamba vitu vyote viwili humo katika chumba kimoja. Mwandishi wa mwongozo alikusudia maelezo machache ya swichi yaliyopitwa na wakati. Msomaji mtiifu angeweza kufuta kumbukumbu za mishahara za miaka mingi.

Wapo watakaosema kwamba muktadha utaonyesha maana. Ni kweli kwamba muktadha humwokoa msomaji wa hadithi, ambaye ana kurasa mia za kumwongoza. Lakini fundi aliyeamshwa saa nane za usiku kwa kuwa seva imesimama hana muktadha ila sentensi iliyo mbele yake. Istilahi yake inapaswa kusimama peke yake.

Tunapendekeza ‘kanda’ libakie kwa utepe wa sumaku, kwa sababu ndiko lilikokwisha kuzoewa. Kwa lile kundi la swichi tumepima maneno kadhaa. ‘Eneo’ limekwisha kutumika mno katika istilahi za mitandao. ‘Kikoa’, ambalo asili yake ni watu wanaoshirikiana kula kwa zamu, linavutia sana; ila limekwisha kupewa dhana nyingine katika fani ya kompyuta, na dhana hiyo nayo imo humu, kwa kuwa kila swichi ya mtandao wa hifadhi ina namba ya kikoa chake. ‘Kundi’ ni pana kupita kiasi. Sisi twaona ‘mtaa’ lafaa zaidi. Waliomo katika mtaa mmoja huonana. Walio nje yake hawajuani. Itapingwa kwamba nyumba haiwi katika mitaa miwili, hali seva huweza kuwa katika mitaa kadhaa. Pingamizi hilo lina uzito, lakini istilahi si fasili. Kazi ya istilahi ni kuitenga dhana na jirani zake. Fasili ndiyo inayomaliza maelezo.

Jambo la pili ni utohoaji. Baadhi ya wenzetu hudhani kwamba neno likitoholewa, hatari ya utata imekwisha. Rasimu hii yaonyesha kinyume. Waandaaji wamelitohoa jina la lile fungu la diski, ambalo kwa Kiingereza ni ufupisho wa herufi tatu, wakapata ‘lani’. Lakini ufupisho wa mtandao wa ndani ya jengo nao, ukitoholewa kwa matamshi, huwa ‘lani’ vilevile. Katika Kiingereza irabu ya katikati ndiyo inayoyatenga maneno hayo mawili. Kiswahili chenye irabu tano huzitia zote mbili katika ‘a’, na tofauti ikatoweka. Hapa utohoaji haukuleta neno jipya, umeleta pacha.

Tunapendekeza ‘fungu’. Mtumishi wa serikali hahitaji kufundishwa neno hili: katika bajeti ya Tanzania kila wizara ina fungu lake, lenye namba yake, lililokatwa katika mfuko mmoja wa wote, na mwingine haruhusiwi kuligusa. Hiyo ndiyo hali ya fungu la diski, pamoja na namba yake.

Hapa pana jambo jingine ambalo rasimu imelichanganya. Ili seva ilifikie fungu lake, hupita milango miwili. Wa kwanza uko kwenye swichi, nao ni mtaa. Wa pili uko kwenye kabati la diski, ambalo huonyesha fungu kwa seva zilizoandikishwa tu na kulificha kwa nyingine. Rasimu imeiita milango yote miwili ‘uzuiaji’. Matokeo yake ni kwamba fundi anayeambiwa ‘kagua uzuiaji’ hajui aende kwenye swichi au kwenye kabati. Wa kwanza na uitwe ‘upangaji wa mitaa’, na wa pili ‘ufichaji wa mafungu’.

Jambo la tatu ni kufasiri neno kwa neno. Swichi zilizounganishwa zikawa kitu kimoja huitwa kwa Kiingereza kwa neno lenye maana ya kitambaa, na rasimu imeandika ‘kitambaa’. Tumetafakari kwamba ‘mfumo’ lingefaa kwa asili yake, kwani limetokana na ‘fuma’. Lakini leo ‘mfumo’ limebeba kila kitu kuanzia siasa hadi mabomba ya maji. Twapendekeza ‘msuko’. Aliyeona ukili ukisukwa ataelewa mara moja kwamba mnyaa mmoja ukikatika kazi yote haifumuki. Na ndiyo maana wajenzi makini huweka misuko miwili isiyogusana, ili mmoja ukianguka seva ipitie wa pili.

Vivyo hivyo jina ‘mkongo wa hifadhi’ halifai. Mtanzania akisikia ‘mkongo’ hufikiri Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano. Isitoshe, kanuni ya mawasiliano iliyokusudiwa, iliyopitishwa Marekani mwaka 1994, haikufungwa na nyuzi za kioo, kwani hupita hata katika waya wa shaba. Hili ni jina la kanuni, na majina ya kanuni yatoholewe: ‘faiba chaneli’.

Baya zaidi ni ‘mkopo’. Katika kanuni hiyo, kila tundu humjulisha mwenziwe lina nafasi ngapi za kupokelea vifurushi. Mtumaji hupunguza hesabu moja kila anapotuma, na hurudishiwa moja kila nafasi inapoachwa wazi. Hesabu ikifika sifuri, husimama na kungoja. Kifaa kimoja kizembe katika kupokea chaweza kwa njia hii kuwachelewesha wengi wasiohusika naye. Mwongozo unamwonya fundi kwa maneno haya: ‘mkopo umekwisha’. Lakini kwa Mswahili, mkopo uliokwisha ni deni lililolipwa, nayo ni habari ya kushangilia! Neno stahili ni ‘idhini’. Idhini zikiisha, kila mtu ataelewa kwamba njia imefungwa.

Jambo la nne ndilo linalotutia hofu kuliko yote: neno ‘nakala’. Rasimu imelitumia kwa dhana nne. Ya kwanza ni diski pacha, ambapo kila kiandikwacho katika diski moja huandikwa papo hapo katika ya pili. Ya pili ni taswira ya fungu kama lilivyokuwa saa fulani, ambayo mara nyingi hutegemea diski zilezile. Ya tatu ni urudufishaji wa fungu kwenda kabati lililo mji mwingine. Ya nne ni akiba iliyotengwa na kutunzwa mbali, hata katika kanda. Tangu Patterson, Gibson na Katz wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walipochapisha makala yao mashuhuri ya mwaka 1988 kuhusu safu za diski, wataalamu wamejua kwamba diski pacha humlinda mtu na kifo cha diski. Haimlindi na mkono wake mwenyewe. Akifuta upande mmoja, upande wa pili hufutika wakati uleule. Sasa mkuu wa ofisi anauliza, ‘Tuna nakala?’ Fundi anajibu kwa moyo safi, ‘Tunayo.’ Mmoja anakusudia dhana ya nne, na mwingine anakusudia ya kwanza. Kumbukumbu za pensheni za watu zimo katikati ya dhana hizo mbili.

Twapendekeza ‘diski pacha’, ‘taswira ya fungu’, ‘nakala rudufu’ kwa ile ya mji mwingine, na ‘chelezo’ kwa akiba iliyotengwa. ‘Chelezo’ limekwisha kutumiwa na baadhi ya wafasiri, na asili yake ni kile kieleacho majini. Chombo kikizama, chelezo huelea. Kwa hiyo kisichoelea peke yake kisiitwe chelezo.

Mwisho, kichwa cha sehemu ya pili ya mwongozo ni ‘Utatuzi wa Matatizo’. Kazi inayoelezwa humo si kutatua bali kutafuta. Seva isipoliona fungu lake, fundi hukagua kwanza kebo na taa ya tundu, kisha kama seva imejiandikisha kwenye swichi, kisha mtaa, kisha ufichaji, kisha kama seva imeamriwa kutazama upya. Ngazi hizo hupandwa kwa utaratibu, na kila moja yahitaji jina lake. ‘Utafutaji wa hitilafu’ ndilo jina la haki.

Hatukusudii kuidharau kazi ya wenzetu. Maneno yao mengi, kama ‘kabati la diski’ na ‘kifurushi’, ni mazuri, nasi tumeyatumia humu bila ya kusita. Tunachowasihi wafasiri ni kwamba, kabla ya kulipeleka neno kiwandani au ofisini, wajiulize si tu kama laeleweka, bali kama laweza kueleweka vingine. Mapendekezo yetu nayo yapimwe kwa kipimo hichohicho, na wasomaji walio kazini watuletee maoni yao kabla istilahi hizi hazijasanifiwa.