Mwimbaji Anapovaa Uhusika: Siti Amina kama Mwajuma katika Filamu ya Vuta N'kuvute

Uhakiki wa filamu za Kiswahili umezoea kumtilia shaka mwanamuziki anayegeukia uigizaji, na shaka hiyo ina msingi. Katika Girlfriend (2003), TID na wenzake wa Bongo Fleva waliigiza wahusika waliokaribiana mno na maisha yao ya muziki, hata ikawa vigumu kutenganisha uigizaji na jina ambalo mtazamaji alikwisha kulisikia redioni. Njia ya kinyume nayo ipo: Shilole, mzaliwa wa Igunga katika mkoa huu wa Tabora, alitangulia kuonekana katika filamu ndipo akavuma kwa nyimbo. Sehemu hii inadai kwamba kigezo cha umaarufu hakitoshi kuipima kazi ya Siti Amina katika Vuta N'kuvute (2021), filamu ya Amil Shivji iliyooneshwa Toronto mwaka huohuo.

Siti Amina ni mwimbaji na mpiga udi aliyepitia Chuo cha Muziki cha Nchi za Jahazi, Zanzibar. Bendi yake, Siti and the Band, huchanganya taarabu na mitindo ya kisasa. Katika filamu amepewa nafasi ya Mwajuma, mwanamke wa Ng'ambo anayempokea Yasmin baada ya binti huyo kukimbia ndoa ya mume mzee. Mwajuma ni mhusika mashuhuri wa riwaya ya Adam Shafi ya mwaka 1999, na hapo ndipo ugumu wa kazi ulipo.

Tasnifu hii inaandikwa Cheyo, Tabora, na mahali hapa panaihusu hoja. Riwaya hiyo imefundishwa kwa miaka mingi katika kidato cha tano na cha sita. Mtazamaji wa Cheyo aliyepita huko humjua Mwajuma tangu darasani, naye huenda hajapata kumsikia Siti Amina jukwaani. Njia ya misafara iliyounganisha Unyanyembe na Bagamoyo ilileta huku Kiswahili cha pwani. Jukwaa la Sauti za Busara limebaki Unguja. Kwa mtazamaji wa Unguja, mwimbaji hutangulia na mhusika hufuata. Huku mambo hugeuka: jina la msanii halimsaidii, wala halimponzi. Hukumu inayotolewa katika mazingira hayo ina uzito wa pekee, kwa kuwa inamhusu Mwajuma peke yake.

Kwa maoni ya mtafiti, Mwajuma huyo anasimama. Riwaya imejaa mazungumzo marefu yenye utani na mafumbo; filamu imeyapunguza sana na kuachia picha zizungumze. Mwigizaji asiyezoea kimya angepotea humo. Mwimbaji wa taarabu amefundwa kwacho: hukaa mbele ya watu huku fidla na kanuni zikipiga utangulizi mrefu, uso wake ukitazamwa kabla hajafungua kinywa. Malezi hayo ndiyo Siti Amina aliyoingia nayo mbele ya kamera. Utulivu wake unampa Yasmin mahali pa kuegemea bila hotuba yoyote. Wanaosema kwamba amechaguliwa kwa ajili ya sauti tu wameangalia nusu ya kazi yake, tena nusu iliyo rahisi.

Hata hivyo, uteuzi huo una gharama yake, na lawama ni ya muswada kuliko ya mwigizaji. Kila muziki unapopewa nafasi, Mwajuma anasogea karibu na Siti Amina na mbali na mwanamke fukara wa Shafi, ambaye ukarimu wake una thamani kwa sababu hana kitu. Katika riwaya ulimi wake ni silaha. Hujibu, hukejeli, huwatania hata wanaomsema. Filamu imemnyang'anya sehemu kubwa ya ulimi huo na kumlipa kwa wimbo. Mzigo wa siasa umebaki kwa Denge na Yasmin, ilhali maisha ya Mwajuma mwenyewe, deni lake, chakula chake cha kesho, hayaelezwi vya kutosha. Aliyesoma riwaya atajaza pengo hilo kwa kumbukumbu. Asiyeisoma atamkumbuka mwanamke aliyeimba vizuri.