Steringi hafi? Filamu mbili zisizonitoka akilini

Majuzi, ndani ya matatu kutoka Kitale kwenda Bungoma, vijana wawili walibishana tangu Kiminini hadi Misikhu kuhusu filamu bora kuliko zote. Mmoja alisifia za Wachina, mwenzake za Wahindi. Kisha wa kwanza akamkata kauli: "Wewe nawe! Hiyo uliiona ya Kizungu ama ya DJ Afro?" Abiria tukaangua kicheko.

Hata hivyo, swali lile si la mzaha. Sisi tuliokulia katika mabanda ya video ya huku magharibi tulizitazama filamu kwa masikio. Picha zilitoka Hong Kong au Bombay, ila hadithi ilitoka kinywani mwa msimulizi mwenye maikrofoni. Kenya ina DJ Afro, Dar es Salaam walikuwa na Lufufu, na ng'ambo ya Malaba wapo mavijei wanaosimulia kwa Kiganda. Walimu walituonya kwamba Kiswahili cha bandani kingetuharibia insha. Labda kiliziharibu. Lakini humo ndimo tulimopata neno 'steringi', yaani mhusika mkuu, pamoja na kanuni yake: steringi hafi.

Nikiulizwa leo filamu ninazozienzi, nitataja mbili za Kenya, na zote mbili zinamtambua msimulizi huyo. Ya kwanza ni Nairobi Half Life (2012) ya David Tosh Gitonga, filamu ya kwanza ya Kenya kuwasilishwa kuwania tuzo ya Oscar. Mwas, anayeigizwa na Joseph Wairimu, anauza filamu kijijini kwa kuwaigizia wateja vituko vilivyomo. Anakwenda Nairobi kutafuta uigizaji, anaporwa, anatupwa korokoroni, kisha anaishi maisha mawili: jukwaani na katika genge la wezi. Wahusika wa kike hawakupewa nafasi ya kutosha, na hilo ni doa. Hata hivyo, Kiswahili, Sheng, Kikuyu na Kiingereza vinapokezana humo jinsi tunavyovisikia stendi. Hakuna anayezungumza kama kitabu. Mwas anabaki hai, lakini wenzake wanauawa, nawe unajiuliza kupona kwake kumemgharimu nini.

Ya pili ni Supa Modo (2018) ya Likarion Wainaina. Jo, msichana wa miaka tisa anayependa filamu za mashujaa, anaugua ugonjwa usiopona. Kijiji kizima, akiwemo Mike, msimulizi wa filamu wa pale, kinaungana kumtengenezea filamu ambamo yeye ndiye shujaa. Wapo watakaosema kijiji hicho ni chema kupita kiasi. Mimi nasema wema huo una kazi: ndio unaofanya tusiukwepe ukweli kwamba mtoto huyu atakufa. Kanuni ya bandani inavunjwa mbele ya macho yetu.

Nilimwonyesha kukhu filamu hii nyumbani Bungoma. Maandishi ya chini ya picha yalikuwa ya Kiingereza, asichokisoma. Palipozungumzwa Kikuyu naye akapotea kabisa. "Wanasema nini?" akauliza. Basi nikawa DJ Afro wake. Nilisimulia vizuri hadi Jo alipofariki, hapo sauti ikanikauka.

"Sasa steringi amekufa?" akauliza kukhu, ambaye aliwahi kumzika binti yake.

"Ndiyo, kukhu."

Akanyamaza. Kisha akasema: "Rudisha nyuma, pale anapocheza."

Nikarudisha. Tangu siku hiyo, hicho ndicho kipimo changu cha filamu inayodumu: mtu anajua mwisho wake, na mwisho huo unauma, lakini bado anataka kurudishwa pale mhusika alipokuwa hai.

Watengenezaji wetu wa filamu nao nawaomba jambo moja. Mnaandika tafsiri ya Kiingereza ili Berlin waelewe, na ni haki yao. Wekeni na ya Kiswahili, na sauti ya msimulizi kwa wasiosoma. Si kila nyumba ya Kitale au Bungoma ina mjukuu wa kukaa kando ya televisheni na kueleza kinachosemwa.